St. Joseph asubuhi, Tingatinga alasiri: uzoefu wangu

Kama unapenda rangi, tenga siku moja ya Dar uanzie Posta na umalizie Oysterbay. Mimi nilianza na Kanisa la St. Joseph, lile lenye mnara uliochongoka linalotazama bandari pale Barabara ya Sokoine. Wamisionari wa Kijerumani walilijenga kati ya 1897 na 1902, na wengi wetu tunalipita kila siku tukiwahi pantoni bila kugeuza shingo. Ingia ndani. Vaa kwa heshima, epuka saa za misa, kisha kaa mbele utazame vioo vya rangi juu ya altare. Kila rangi imekaa peke yake, nyekundu haichanganyiki na buluu, na kati ya rangi na rangi unapita mstari mweusi. Ushike vizuri mstari huo, utakutana nao tena mchana.

Kutoka hapo nilipanda bodaboda hadi Morogoro Stores, pale Oysterbay, kwenye kijiji cha wachoraji wa Tingatinga. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alianza kuchora hapa mjini mnamo 1968. Alitumia alichoweza kukipata dukani: rangi ya mafuta ya kupakia baiskeli na vipande vya mraba vya silingibodi. Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi kimakosa akafa. Miaka minne tu ya kazi, na mtindo wake bado unalisha familia.

Watu husifu sana sanaa ya popu ya Marekani, ile inayochora vitu vya kila siku, na ni haki yake. Mwaka 1962 Andy Warhol alionyesha picha 32 za mikebe ya supu ya Campbell's, akalazimisha wakubwa wa sanaa waangalie kitu cha dukani. Lakini sisi tunayo ya kwetu, iliyozaliwa miaka ile ile, na kuiita pambo la watalii ni kuidhulumu. Wengine hulalamika kwamba simba na twiga wanarudiwa kila kibanda. Mbona Warhol naye alirudia mkebe ule ule? Hapa mwanafunzi hujifunza kwa kumfuata mwalimu wake, na ukiwatazama twiga watano kwa utulivu utawatambua wachoraji watano.

Nilikaa muda mrefu kwa mzee mmoja aliyekuwa akichora kanga porini.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Sogea uone, kutazama hakuna kiingilio."

Alikuwa ameshapaka usuli wa rangi ya chungwa unaofifia kuelekea njano, na sasa anadondoa madoa meupe mgongoni mwa ndege kwa brashi nyembamba. Mkono wake haukutetemeka hata kidogo. Nikamuuliza mistari myeusi anaiweka lini.

"Mwisho kabisa. Rangi ya chini isipokauka, mstari unatambaa."

Nikakumbuka vile vioo vya asubuhi. Mafundi wa kanisani na huyu mzee hawajuani kabisa, ila wote wanazuia rangi isivuke mpaka wake, ndiyo maana picha zao zinasomeka hata ukiwa umesimama mbali.

Ushauri wangu: usikimbilie picha za mbele tu. Pita nyuma uulize za soko, za hospitali, za mashetani. Humo ndimo mchoraji anasimulia mji wake. Nenda na fedha taslimu, na bei mnapatana, ila usimkandamize mtu aliyeinamia kazi siku nzima mbele yako. Muulize jina lake na uhakikishe ameweka sahihi. Na ukipenda picha ambayo bado inanukia rangi, lipa kiasi uiache pale, uifuate baadaye. Rangi hii ya mafuta inakauka taratibu, ukiikunja mbichi inagandana.