Boksi la njia sita lililojazwa breka tayari: linunue, lakini badilisha za 32

Ukiingia duka la vifaa vya stima Kisumu, iwe Oginga Odinga Street au Kondele, ukaulizia boksi la breka la nyumba ya vyumba viwili au vitatu, aghalabu utaonyeshwa lililojazwa tayari. Tunalolipima hapa ni la njia sita: swichi kuu ni RCD ya ampea 63 inayokata umeme ukivuja miliampea 30, kisha breka mbili za ampea 10, mbili za 20 na mbili za 32, zote aina ya C, yaani zinazovumilia mruko mfupi wa umeme kifaa kinapowashwa. Linauzwa na makampuni mbalimbali likiwa na mpangilio huohuo au unaokaribiana nao.

Boksi lenyewe ni zuri. Ukanda wa shaba unaounganisha breka chini ni mnene, fito za nyutro na za athi zina skrubu za kutosha kila waya kupata tundu lake, na kila breka imeandikwa 6000 ndani ya kisanduku kidogo usoni. Namba hiyo ni ampea ambazo breka inaweza kuzikata shoti ikitokea bila yenyewe kupasuka. Breka isiyo na namba hiyo, isiyo na alama ya KEBS (shirika la viwango la Kenya) wala stika ya ISM ya bidhaa za nje, usiipokee hata ukipewa bure.

Kasoro iko kwenye uchaguzi wa breka. Kiwanda kilizipanga kabla ya mtu yeyote kuuona waya wako, na kazi ya breka ni kuulinda waya ulio ukutani. Friji na TV hazimo katika hesabu hiyo. Waya mwembamba ukifungwa kwenye breka kubwa, waya ndio unaogeuka fyuzi, tena fyuzi iliyolala juu ya mbao za dari.

Hesabu inaanzia kwenye uwezo wa waya. Kwa BS 7671, kanuni za Uingereza za kufunga nyaya za umeme, nyaya za shaba zenye ganda la PVC zikipita ndani ya paipu, laini moja peke yake (laivu na nyutro yake), hewa ikiwa nyuzi 30, waya wa milimita mraba 1.5 hubeba ampea 17.5, wa 2.5 hubeba 24, wa 4 hubeba 32, wa 6 hubeba 41 na wa 10 hubeba 57. Namba ya breka isipungue mzigo, wala isizidi uwezo wa waya. Breka za 10 zilizomo ndani ya boksi zinakaa salama kwenye taa za waya wa 1.5. Balbu 20 za LED za wati 9 hazifikishi hata ampea moja, kwa hiyo 6 pia ingetosha.

Soketi ndipo penye kazi. Breka ya 20 kwenye waya wa 2.5 inaonekana sawa, kwa kuwa 20 ni chini ya 24. Sasa lete jua la Kisumu. Paipu zikipita juu ya dari chini ya mabati, hewa ya pale mchana inaweza kufika nyuzi 50, na kwa joto hilo uwezo wa waya huzidishwa kwa 0.71. Ile 24 inashuka hadi 17. Breka inayofaa hapo ni ya 16, au waya upandishwe hadi wa 4, ambao kwa joto hilohilo unabaki na ampea 22 na kitu, na 20 inakaa vizuri. Paipu moja ikibeba laini tatu zenye mzigo, zidisha tena kwa 0.7. Ndiyo maana kusukuma kila kitu ndani ya paipu moja ili kuokoa pesa ni hasara. Nakuru kuna baridi zaidi, na paipu zikipita ukutani zikiwa mbalimbali, 20 inasimama bila shida.

Zile mbili za 32 ndizo zinazotutia wasiwasi. Breka ya 32 inaruhusiwa kwenye waya wa 2.5 kwa sharti moja: soketi ziwe zimefungwa kwa ringi kamili, waya unatoka kwenye breka, unapita soketi zote, na ncha ya pili inarudi kwenye breka ileile, hivyo mzigo hugawana njia mbili. Nyumba nyingi za kupanga zimefungwa kwa laini moja inayoishia soketi ya mwisho. Hapo 32 ni hatari, na IEC 60898, kiwango cha kimataifa cha breka za nyumbani, kinaonyesha kwa nini. Breka haikati mara tu namba yake inapopitwa. Ya 32 haitakiwi kukata kwa saa nzima ikiwa inapitisha ampea 36, na kwa ampea 46 imepewa hadi saa moja kabla ya kukata. Waya wa 2.5 wenye uwezo wa 24 utachemka muda wote huo, ganda la PVC lililokusudiwa nyuzi 70 litalainika, na laivu itaikuta nyutro.

Kujua kama ringi ipo ni kazi fupi. Zima swichi kuu, hakikisha kwa kipimo kwamba hakuna umeme, chomoa nyaya mbili za laivu kwenye breka hiyo, kisha pima kati ya ncha zake kwa maltimita upande wa omu. Ringi ya mita 50 itaonyesha karibu 0.4. Ikionyesha kwamba ncha hazijaungana, ringi imekatika mahali au ni laini mbili tofauti: weka 20 au 16 hadi irekebishwe. Ukikuta waya mmoja tu, hapakuwa na ringi tangu mwanzo. Upande wa juu wa swichi kuu, unakoingia waya kutoka kwenye mita, hubaki na stima hata baada ya kuzima. Usiuguse, na lakiri ya mita usiivunje. Kazi hii ni ya fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati ya Kenya.

Breka ya 32 ina mahali pake halali: shawa ya umeme, ambayo Nakuru ni kama lazima asubuhi. Ya wati 5,500 kwa volti 240 huvuta ampea 23, ya 7,500 huvuta 31. Ipe waya wa 6 wa peke yake. Waya wa 4 wenye uwezo wa 32 kamili hauachi nafasi yoyote ya joto, na wa 2.5 usitajwe kabisa. Shawa ikianza kuangusha breka, dawa inayotolewa upesi ni kuweka ya 40. Kaza skrubu kwanza. Breka hukata kwa joto la kipande cha chuma kilicho ndani yake, na waya uliolegea huzalisha joto hilo hata mzigo ukiwa wa kawaida. Waya ukiwa umebadilika rangi kwenye ncha, kata sehemu hiyo, menya upya, kisha kaza.

RCD iliyomo ni sababu kubwa ya kulipendelea boksi hili. Nyumba inayotegemea chuma cha athi chenye omu 20 itapitisha ampea 12 tu laivu ikigusa bati la friji, na hakuna breka ya 16 wala ya 32 itakayokata. RCD itakata. Bonyeza kitufe cha T kikiwa na stima. Isipoanguka, rudisha boksi. Upungufu wake ni kwamba birika moja bovu huzima nyumba nzima, na haijui lolote kuhusu waya uliozidiwa mzigo.

Muombe mwenye duka akubadilishie 32 moja kwa 16, na ikiwa huna shawa wala jiko la umeme, badilisha zote mbili. Tofauti ya bei ni ndogo mno. Pima na roli la waya kabla ya kulipia: la mita 90 la 2.5 linapaswa kusoma karibu omu 0.7 kutoka ncha hadi ncha, ukishatoa omu za nyaya za kipimo. Likisoma 1.1, hiyo ni 1.5 iliyoandikwa 2.5, na breka ya 20 haifai kwake. Kwaruza ncha pia kwa kisu. Ukiona weupe chini ya wekundu, ni alumini iliyopakwa shaba, na hesabu zote za hapo juu haziuhusu waya huo.