Maktaba ya Oodi, Helsinki: baraza la vijana wa ughaibuni

Mwezi wa Desemba jua la Helsinki huzama mnamo saa 9 na robo alasiri. Kijana anatoka shule, giza limeshatanda, baridi inauma masikio, na hakuna kibaraza cha kukaa na wenzake. Kwa rafiki haendi mtu bila kupanga siku kadhaa kabla. Mkahawani, kikombe kikiisha, inabidi ununue kingine au unyanyuke. Kwa watoto wa familia zinazozungumza Kiswahili huko Ufini, wakiwemo Wakongo waliopitia kambi za wakimbizi, urafiki mara nyingi hukwama hapo. Wenzao wa darasani hawawachukii. Kinachokosekana ni mahali pa kukaa pamoja saa tatu bila kutoa pesa, na Oodi ni mahali hapo.

Jengo lilifunguliwa tarehe 5 Desemba 2018 kwenye uwanja wa Kansalaistori, likitazamana na Bunge, dakika chache kwa miguu kutoka kituo kikuu cha treni. Mwaka 2019 lilipewa tuzo ya IFLA, shirikisho la kimataifa la maktaba, ya maktaba bora ya umma duniani. Ukisikia neno maktaba usidhani ni pa kunong'ona. Ghorofa ya chini ina ukumbi wazi, mkahawa na sinema. Ya juu kabisa ina vitabu vipatavyo 100,000, makochi, na sakafu inayopanda mteremko kwenye ncha zote mbili, ambako vijana huketi wakipiga soga. Jumamosi mchana huko juu ni kelele za watoto wadogo na watalii, kwa hiyo anayetaka kufanya kazi ya shule aende asubuhi.

Utamu wenyewe uko ghorofa ya kati, inayoitwa Kaupunkiverstas, yaani karakana ya mji: vyerehani, mashine za ovaloki (za kufunga kingo za kitambaa), printa za 3D, mashine za kukata stika, pasi ya kugandisha maandishi kwenye fulana, vyumba vya kurekodi muziki, vyumba vya michezo ya video. Kutumia vifaa vingi ni bure. Unacholipia ni malighafi.

Anza na kadi ya maktaba iitwayo Helmet, ambayo inatumika katika maktaba zote za Helsinki, Espoo, Vantaa na Kauniainen. Ya kwanza haina malipo. Aliye chini ya miaka 15 anahitaji idhini ya mzazi au mlezi, na hapa ndipo wengi wanapokwama: mtoto anafika na rafiki zake, mzazi yuko kazini, kadi haitoki. Mzazi amalize jambo hili mapema kwenye maktaba ya mtaani kwao. Kadi ina namba ya siri ya tarakimu nne. Ikariri, usiiandike kwenye kadi. Kushika nafasi kwenye vyumba na mashine hufanyika mtandaoni kupitia Varaamo, tovuti ya jiji ya kushika nafasi. Jaribu kuingia ukiwa nyumbani, usome na masharti ya umri ya kila chumba, maana hayafanani. Vyumba vya michezo na studio huisha haraka kwa mwisho wa wiki. Saa za mchana katikati ya wiki ndizo hupatikana kwa urahisi zaidi. Usichelewe, kwani saa inayofuata ni ya mwingine.

Kwa mtu anayetaka kumzoea mwenzake, cherehani kinashinda mchezo wa video. Chukua kitenge kutoka nyumbani, mshone mfuko wa begani. Mnahitaji vipande viwili vya sentimita 40 kwa 45, na vya mikanda viwili vya 10 kwa 60, ambavyo hukunjwa kwa urefu kuwa tabaka nne hadi vibaki na upana wa sentimita 2.5. Acha sentimita 1 ya mshono, na 3 za kukunja mdomoni. Kitenge kipya kifuliwe na kupigwa pasi kabla ya kukatwa, la sivyo mfuko utasinyaa siku ya kwanza ya kufuliwa. Sindano namba 80 au 90 inatosha. Uzi ukijisokota chini ya kitambaa, msilaumu mashine: nyanyueni mguu wa cherehani unaokandamiza kitambaa, mpitishe uzi wa juu upya, kisha mshushe mguu ndipo mshone. Kwenye ovaloki toeni pini zote, kwa sababu kisu chake hukata ukingo huku mashine ikishona, na pini moja inaweza kukiharibu. Wanaoanza wapange saa mbili hadi tatu.

Fulana za timu au za kundi la marafiki ni wazo zuri pia, ila maandishi ya kugandisha kwa joto hukatwa yakiwa yamegeuzwa kama kwenye kioo. Anayesahau hilo anatoka na jina lisilosomeka, na plastiki ya maandishi ameshailipia. Fulana iwe ya pamba. Poliesta huungua au kubadilika rangi kwenye joto la kawaida la pasi hiyo. Printa ya 3D ni ya mwenye subira, kwani hata kishika funguo kidogo huchukua muda mrefu. Wafanyakazi wanaelekeza vizuri na kwa upole, lakini hawakufanyii kazi yako.

Faida ya kazi ya mikono ni kwamba ukimya hauwi na uzito. Vijana wengi wa Kifini hawajazoea kujaza kila dakika kwa maneno, na mgeni hudhani amechukiwa. Mkiwa na mkasi na kitambaa mbele yenu, maneno huja yenyewe: neula ni sindano, lanka ni uzi, kangas ni kitambaa, sakset ni mkasi. Kijana ambaye Kifini chake bado kinasuasua anageuka kuwa mwalimu, kwa sababu yeye ndiye anayejua kitenge. Mwalike rafiki kwa saa kamili na jambo kamili, mathalani "Jumatano saa 10, tushone mfuko", si "tuonane siku moja".

Kwa wazazi: siku za kazi Oodi hufunguliwa saa 2 asubuhi hadi saa 3 usiku, Jumamosi na Jumapili saa 4 asubuhi hadi saa 2 usiku. Anayetoka Tikkurila, Vantaa, yuko kanda C ya usafiri, hivyo tiketi ya AB haimtoshi. Anunue ABC kabla ya kupanda treni, maana mkaguzi hasikilizi udhuru wa kutojua.

Kasoro kubwa ya Oodi ni umaarufu wake. Mkikuta kila kitu kimeshikwa, pandeni metro hadi Matinkylä, Espoo, kwenye maktaba iliyo ndani ya jengo la maduka la Iso Omena. Kadi ni ileile, karakana ni ndogo zaidi, lakini ina vyerehani na printa ya 3D.