Mazda BP ya lita 1.8 kama injini ya kukimbizia uwanjani: tathmini ya mjenzi

Injini ya Mazda BP, ile ya lita 1.8 iliyofungwa kwenye gari dogo la michezo la Mazda MX-5 kuanzia 1994 hadi 2005, haisifiwi kwa farasi zake. Anayetaka nguvu nyingi kwa kazi kidogo afunge Honda K20A2, ambayo imetoka kiwandani na farasi 200 bila tabo (turbo). BP ilitoka na farasi 128 mwanzoni na 142 mwishoni, na hata ukiijenga vizuri bila tabo utaishia kati ya 160 na 180 kwenye krenki. Ubora wake uko kwingine. Bloku ni la chuma cha kusubu, vipuri vinapatikana, ni nyepesi kushusha na kupandisha, na inavumilia kukanyagwa hadi mwisho raundi baada ya raundi. Uvumilivu huo una masharti mawili, maji na oili. Ukianza na kamshafti na throtoli nne kabla ya kuyamaliza hayo mawili, injini itakufia.

Kwanza, ununue ipi? Za 1994 hadi 1997 zina mgandamizo wa 9.0 kwa 1 na tapeti za haidroliki, ambazo hazipendi mizunguko ya juu. Ya 1999 na 2000, yenye alama BP-4W, ina mgandamizo wa 9.5, tapeti ngumu za kurekebishwa kwa shimu, na hedi ambayo njia zake za kuingizia hewa zimenyooka zaidi. Ya 2001 hadi 2005 imeongezewa VVT (mfumo wa kubadilisha taimingi ya valvu injini ikizunguka) kwenye kamshafti ya kuingizia, mgandamizo wa 10.0, na bamba la kukaza kofia za beringi kuu. Hiyo ya mwisho ndiyo bora, mradi kompyuta ya injini utakayofunga inaweza kuiendesha VVT. Kama haiwezi, chukua BP-4W bila kusita. Hedi yake inakaa pia juu ya bloku la 1994, ila lazima uhamie na manifoldi yake ya kuingizia, kwa sababu matundu hayalingani na ya zamani.

Sasa maji. BP ilisanifiwa kwa magari ambayo injini imelala kiupande. Huko maji yaliingia upande wa pampu, yakapita silinda zote nne, yakatokea upande wa flaiwili palipokuwa na themostati. Kwenye MX-5 sehemu hiyo ya nyuma iliangukia karibu kabisa na ukuta wa kabini, kwa hiyo Mazda wakahamishia mlango wa kutokea mbele. Matokeo yake maji yanaingia mbele na mengi yanatokea hapo hapo mbele, huku silinda ya tatu na ya nne zikiambulia mtiririko mdogo. Kwa gari la kwenda kazini hilo halionekani. Uwanjani, kwa dakika 20 za gesi hadi mwisho, silinda ya nne ndiyo inayotangulia kugonga (petroli kujilipukia ovyo kwa joto), na geji ya dashibodi haikwambii kitu maana imetengenezwa isimame katikati kwa upana mkubwa wa joto.

Dawa ni kurudisha njia ya maji ilivyokusudiwa: unaziba mlango wa mbele, unahamishia themostati nyuma ya hedi, na unavuta hozi kutoka huko hadi kwenye rejeta. Vifaa vya kununua tayari vipo na vinafanya kazi. Cha kuangalia ni mambo mawili ambayo wengi huyakosea. Njia ya hita lazima ibaki wazi, la sivyo themostati ikiwa imefunga maji hayazunguki, haionji joto mapema, kisha inafunguka kwa kishindo. Na toboa kitundu cha milimita 3 kwenye bamba la themostati, kikae juu, ili hewa itoke wakati wa kujaza. Sensa ya kompyuta ikae pale maji yanapotokea baada ya kupita silinda zote. Rejeta ya alumini ni nzuri, lakini usiinunue kabla ya kuziba mianya ya pembeni yake kwa sponji na bamba, maana hewa hupita palipo rahisi na kuiacha rejeta.

Oili ni habari nyingine, na hapa ndipo injini nyingi za BP zimevunjikia. Pampu inaendeshwa moja kwa moja na pua ya krenkshafti, na gia zake ni za unga wa chuma uliobanwa na kuchomwa. Krenki inatetema kwa kujisokota, hasa kwenye mizunguko ya juu, na puli ya kiwandani ina mpira wa kumeza mtetemo huo. Mtu akifunga puli nyepesi ya alumini isiyo na mpira ili apate farasi mbili, mtetemo wote unahamia kwenye gia. Zinapasuka, presha inaanguka hadi sifuri, na beringi zinakwisha kabla dereva hajaona taa. Puli hizo ni za kukataa moja kwa moja. Funga damper nzuri (puli ya kumeza mtetemo) au bakiza ya kiwandani ambayo mpira wake haujapasuka, na weka gia za chuma kilichochongwa. Ukiifungua pampu, pima nafasi kati ya gia na uso wa bodi kwa rula nyoofu na fila geji: isizidi milimita 0.14. Skrubu za kifuniko cha nyuma zina tabia ya kulegea, zipake gundi ya kushika nyuzi za skrubu. Kabla ya kuwasha mara ya kwanza jaza pampu kwa oili nzito, kisha zungusha injini kwa stata bila plagi hadi presha ipande.

Sampu ya kiwandani haiwezi kushika oili kwenye kona ndefu. Weka vizuizi vyenye vilango vinavyofunguka upande mmoja kuelekea kwenye kinyonyeo, na ongeza nusu lita juu ya alama ya juu ya dipstiki. Funga pia geji halisi ya presha, kwa sababu kuanzia 1995 ile ya MX-5 kwenye dashibodi inaendeshwa na swichi tu: ina presha au haina. Kompyuta nyingi za kisasa zinaweza kuzima injini zenyewe. Ziambie zikate cheche presha ikishuka chini ya bar 2.5 injini ikiwa juu ya mizunguko 4,000 kwa dakika. Joto la oili likivuka nyuzi 130 kwa kawaida, unahitaji kipoza oili chenye themostati yake. Likibaki kati ya 100 na 120, achana nacho, ni mabomba zaidi ya kuvuja.

Kwenye chini ya injini, vipimo vya msingi ni kipenyo cha silinda milimita 83.0 kwa mwendo wa pistoni 85.0, yaani cc 1,839. Kuchonga hadi 84.0 ni jambo la kawaida na kunakupa cc 1,884. Usikubali kuchonga kabla pistoni mpya haziko mezani kwa fundi, kwa sababu kila silinda inachongwa kufuata pistoni yake, na nafasi inatoka kwenye karatasi ya mtengenezaji. Pistoni za kufuliwa za aloi ya 2618 zinatanuka kuliko za 4032, kwa hiyo zinataka nafasi kubwa na hugonga zikiwa baridi. Kelele hiyo ikipotea injini ikipata moto si tatizo. Ringi ya juu bila tabo iwe na mwanya wa takriban milimita 0.33, ukipanga tabo ongeza hadi 0.45 au 0.50, maana ncha zikikutana kwa joto zinang'oa ukuta wa pistoni. Jono (shingo za krenki zinazokaa kwenye beringi) kuu ni za milimita 50 na za konrodi 45, kwa hiyo nafasi ya oili ya 0.05 na 0.045 ni mahali pazuri pa kulenga. Pima kwa maikromita na boo geji, huku kofia zikiwa zimekazwa. Uzi wa plastiki wa kupimia ni wa kuhakikisha tu.

Mgandamizo usikisiwe. Silinda ya 84.0 kwa 85.0 inafagia cc 471. Ukitaka 11 kwa 1, nafasi yote inayobaki pistoni ikiwa juu lazima iwe 471 gawa kwa 10, yaani cc 47.1. Gasketi yenye tundu la 85 na unene wa milimita 1.0 inachukua cc 5.7. Jaza chumba cha hedi kwa bureti na kioo chenye tundu: ukipata, tuseme, 46, jumla ni 51.7, na kama pistoni inasimama sawa na uso wa bloku basi kichwa chake kiwe kimeinuka kwa cc 4.6. Kuskimu hedi badala ya kununua pistoni sahihi ni njia ya mkato inayosogeza taimingi ya kamshafti na kumaliza nafasi ya valvu. BP isiyo na VVT, ikiwa ya kiwandani, haigonganishi valvu na pistoni mkanda ukikatika. Ukishabadilisha pistoni au kamshafti, usiitegemee sifa hiyo. Pima kwa udongo laini juu ya pistoni: milimita 2.0 kwa valvu za kuingiza, 2.5 kwa za kutoa. Bolti za hedi za kiwandani hukazwa Nm 76 hadi 81. Bolti za kampuni ya ARP zifuate karatasi yake na grisi yake, usichanganye.

Kwenye kompyuta, MegaSquirt MS3 inaimudu VVT na kwa injini hii ni chaguo salama. Speeduino ni rahisi na inatosha kwa 1994 hadi 1997. Kwenye orodha ya sensa chagua 4G63 (jina la injini ya Mitsubishi), ndiyo inayolingana na sensa ya kamshafti ya MX-5 hizo. Ukivuka mizunguko 7,200 afadhali gurudumu la meno 36 pungufu moja kwenye krenki, maana mkanda unapocheza na taimingi ya cheche inacheza nao. Nozeli kubwa mno ni kosa la kila siku: kwa farasi 160, cc 265 kwa dakika kila moja zinatosha zikifunguka asilimia 80. Za cc 550 bila tabo zinaharibu sailensa (mzunguko wa injini bila kukanyaga gesi) bila faida yoyote.

Kabla ya daino (mashine ya kupima nguvu ya injini), funga taimingi kwenye digrii 10 na uhakikishe kwa taa ya taimingi. Hatua hii ikirukwa, kila namba itakayofuata ni ya uongo. Jaza ramani ya petroli kwanza hadi lambda (kipimo cha uwiano wa hewa na petroli) isimame 0.86 hadi 0.88 kwenye gesi kamili, ndipo uguse cheche. Anza na digrii 22 kwenye toki (nguvu ya kusokota) ya juu, ongeza moja moja, na digrii mbili zisipoongeza toki, rudi nyuma ulipotoka. Halafu toa digrii moja kwa kila nyuzi 10 za hewa inayoingia juu ya 40, kwa sababu daino ina feni na mlango wazi, na uwanja hauna.

Kuiva kwa ringi kunataka mzigo, si kusubiri sailensa. Tumia oili ya madini, panda gesi kwa nusu na kuachia mara kwa mara kwa dakika 20, mwaga, kisha kata filta na ufungue karatasi yake chini ya mwanga. Vumbi la kijivu ni la ringi na litaisha. Vipande vinavyong'aa kama shaba ni beringi: sampu ishuke siku hiyo hiyo, na kofia ya konrodi ya nne ifunguliwe ya kwanza.