Baiskeli ya kwanza ya milimani: ipi ununue, ipi uiache dukani

Kama una haraka, jibu ni hili: nunua baiskeli ya mtumba yenye shokapu mbele tu, ya kampuni inayojulikana, yenye breki za diski, na inayokutosha kimo. Ukiikosa hiyo, shuka ngazi moja moja kama nilivyozipanga hapa chini. Nawafikiria zaidi watu wa Arusha, Moshi, Lushoto, Naivasha na Nairobi, maana njia zao zinafanana: vumbi na kokoto wakati wa kiangazi, utelezi wa udongo mwekundu wakati wa masika, na miiba mwaka mzima.

Bei sizitaji, kwa kuwa hupanda na kushuka kila kontena linapofunguliwa. Ila fedha uliyonayo igawe: robo tatu iwe ya baiskeli, robo inayobaki iwe ya kofia ngumu, pampu, viraka na fundi. Anayemaliza hela yote kwenye baiskeli huishia kushuka mlima kichwa wazi, na hilo silikubali hata kidogo.

1. Mtumba wenye shokapu mbele tu

Majina ya kutafuta ni kama Trek Marlin, Giant Talon na Specialized Rockhopper. Zote ni za fremu ya alumini, zimetengenezwa kwa ajili ya wanaoanza, na vipuri vyake vingi ni vya kawaida, kwa hiyo hata fundi wa mtaani anaweza kuvihudumia. Nyuma kukiwa kugumu, utajifunza kuinua makalio kwenye siti na kukunja magoti na viwiko, na huo ndio msingi wa mchezo wenyewe.

Kabla ya kutoa hela, ikague polepole, tena mchana, na usimwachie muuzaji akuharakishe. Anza na fremu: futa vumbi pale bomba la mbele linapoungana na mabomba mengine, uangalie kwenye weldi. Ufa hujitokeza kama mstari mwembamba kwenye rangi. Ukiuona, ondoka, hata akikupunguzia nusu ya bei. Kisha pitisha ukucha kwenye miguu ya shokapu, ile inayong'aa. Ukucha ukikwama kwenye mkwaruzo, mkwaruzo huo utakuwa unakata sili (mpira unaozuia mafuta) na kuvujisha mafuta kila unapogonga jiwe.

Shika krenki zote mbili, yaani mikono inayoshika pedali, uzitikise kwenda kushoto na kulia. Zikicheza, gololi za katikati zimeisha. Hilo linatengenezeka, lakini likatwe kwenye bei. Nenda kwenye mnyororo: uvute kwa vidole pale mbele kabisa ya meno makubwa. Ukinyanyuka ukaona mwanga kati yake na meno, umechakaa, na huenda umeshakula meno ya nyuma pia. Mwisho, bana breki kwa nguvu uhesabu hadi 30. Mkono wa breki ukizidi kuzama taratibu kuelekea kwenye usukani, kuna upepo ndani au mafuta yanavuja.

Na hapo kwenye mafuta nisimame kidogo. Breki za diski za Shimano zinazotumia mafuta zinataka mafuta ya madini (mineral oil). Fundi wa magari akikutilia mafuta ya breki ya gari, sili za ndani zitavimba na breki itakufa. Mwulize muuzaji nani aliihudumia na kwa mafuta gani. Akibabaika, heri breki za diski za waya, ambazo hazina ukali ule lakini unazirekebisha mwenyewe kwa spana ndogo.

2. Mpya ya bei ya chini, kutoka duka la baiskeli

Ina faida ya dhamana, na ya kupimwa kimo papo hapo. Hasara yake ni kwamba kwa fedha ileile unapata vifaa vya daraja la chini kuliko mtumba. Usidanganyike na neno Shimano pekee, maana kampuni hiyo ina madaraja ya vipuri: Tourney ni ya chini kabisa, Altus inafuata, na Deore ni ya juu zaidi kuliko hizo. Wingi wa gia nao usikuvutie. Gia kumi za nyuma na gurudumu moja la meno mbele zinatosha, tena zina vitu vichache vya kuharibika. Uliza kama meno ya nyuma ni kaseti (yanachomekwa kwenye habu) au friwili (yanafungwa kwa kuzungushwa kwenye habu kama kifuniko). Ekseli ya friwili huwahi kupinda mwendeshaji akiwa mzito na njia ikiwa ya mawe.

3. Kukodi kwanza

Kama hujui utaupenda mchezo au la, kodi. Lango la Elsa la Hifadhi ya Hell's Gate kule Naivasha, msitu wa Karura jijini Nairobi na mji wa Mto wa Mbu mkoani Arusha ni mahali ambapo baiskeli hukodishwa. Zitakuwa zimechoka, lakini utajua ni saizi gani inakufaa kabla hujatoa akiba yako.

4. Ya zamani ya chuma isiyo na shokapu

Magurudumu ya inchi 26, breki za kubana rimu. Inafaa barabara za mashambani na vijia vya kahawa, na tairi zake zinapatikana hadi kwenye maduka ya wilayani. Mvua ikinyesha, rimu ikalowa matope, breki hizo hupungua nguvu sana. Masika ipumzishe.

5. Mpya inayong'aa yenye shokapu mbele na nyuma, ya bei rahisi

Hii ndiyo inayowanasa wengi, na inaniuma kila nikiona kijana anaisukuma kutoka dukani. Ni nzito, shokapu ya nyuma ni springi tupu inayomeza nguvu zako unapopanda mlima, na maungio yake huanza kulegea mapema. Nyingine zina kibandiko kabisa kinachosema zisiendeshwe nje ya barabara. Kisome. Zile za kweli zenye shokapu mbili, za kampuni kubwa, ni baiskeli nzuri, lakini shokapu ya nyuma na beringi zake zinahitaji huduma ya mara kwa mara na vipuri vya kuagiza. Zisubiri hadi uwe umeshajua unapita njia gani.

Kimo, kofia na upepo

Simama juu ya fremu, nyayo zote chini. Kati ya bomba la juu na msamba wako kuwe na nafasi ya sentimita tano au zaidi. Kwa makadirio, mtu wa sentimita 165 hadi 178 huanzia saizi M. Gurudumu la inchi 29 hupita juu ya mawe kwa urahisi zaidi, ila uliza kwanza kama mjini kwako tairi na tyubu zake zipo.

Kofia iwe mpya, yenye alama ya usalama ya EN 1078 ya Ulaya au CPSC ya Marekani ndani yake. Ya mtumba usinunue, kwa sababu kofia iliyokwisha kupigwa huweza kuwa imepasuka ndani bila nje kuonyesha.

Tairi usizijaze hadi ziwe ngumu kana kwamba unaenda kwenye lami. Mtu wa kilo 70 anayetumia tyubu aanze na psi 30 hivi (psi ni kipimo cha upepo kwenye pampu), kisha apandishe rimu ikigonga mawe, au apunguze tairi likiteleza. Miiba ya migunga itakupata tu, kwa hiyo beba viraka, solesheni na tyubu ya akiba, na uangalie valvu. Ile nyembamba haiingii kwenye pampu ya kituo cha mafuta mpaka uwe na kile kichwa kidogo cha shaba cha kufungia juu yake. Nunua viwili, kimoja ukifungie kabisa kwenye baiskeli.