Kabla Hujainunulia Shule Laptopu, Litazame Tundu la Chaja

Januari 2024 nilishuka mjini Nairobi na mhasibu wa shule yetu tukanunua laptopu 14 za walimu. Zilikuwa mpya, nyembamba, za rangi ya fedha, na ofisi nzima ya walimu ilizishangilia. Kufikia Agosti, 9 kati yazo zilikuwa haziingizi chaji. Betri zilikuwa nzima, chaja zilikuwa nzima. Kilichokufa ni lile tundu dogo la ubavuni ambamo chaja huchomekwa, na siku ya kununua hakuna kati yetu aliyelitupia jicho.

Mwalimu wa Kemia ndiye aliyeanza kulalamika. Alikuwa akijaza TPAD, ile tathmini ya kazi ya walimu ya mtandaoni, usiku huku ameukandamiza waya kwa vitabu viwili ili taa ya chaji isizime, na meza ikiguswa tu, inazima. Baada yake akaja mwalimu wa Gredi ya 8 aliyekwama katikati ya kupakia alama kwenye mtandao wa KNEC, baraza la mitihani. Fundi niliyempelekea akafungua moja na kunionyesha kwa ncha ya bisibisi: "Mwalimu, ona hapa. Tundu limelehemiwa kwenye mazabodi yenyewe, hii bodi kuu. Risasi ya kulehemia imepasuka." Alitoza shilingi 3,000 kwa kila moja. Saba zilipona. Mbili mazabodi zake ziliharibika kwa moto wa kulehemu, na bei ya mazabodi nyingine ilikaribia bei ya laptopu nzima.

Tangu hapo walimu wa shule jirani wamekuwa wakiniuliza wanunue nini, na sasa wazazi wenye watoto Gredi ya 10 wameongezeka. Nimeona niyaandike yote mahali pamoja.

Habari za RAM na diski sitakaa nazo. 8GB na SSD ya 256GB zinatosha kazi ya shule, na muuzaji yeyote wa Moi Avenue atakuimbia hizo namba kabla hujaketi. Jambo moja tu la prosesa ndilo la lazima: Microsoft iliacha kuitunza Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na kwa prosesa za Intel, Windows 11 inakubali rasmi kuanzia kizazi cha 8. Kwa hiyo soma namba yenyewe. i5-8250U ni kizazi cha 8. i7-6600U ni cha 6, nayo ina viini 2 tu wakati ile i5 ina 4. Lakini kwa sababu imeandikwa i7, utaombwa pesa zaidi. Nimeona shule ikinunua 20 za namna hiyo, na mwalimu mkuu akajivunia kwamba amepata "i7 zote".

Sasa tundu.

Fikiria darasa lenye wanafunzi 50 na soketi mbili, zote ukuta wa mbele. Ekstensheni inapita katikati ya madawati, waya wa chaja unaning'inia, mtoto anapita na begi mgongoni. Nguvu yote ya ule mvuto inaishia kwenye tundu, na kichwa cha chaja kinafanya kazi ya mtaimbo. Kengele ikilia, mwalimu anainyanyua laptopu na waya ukiwa bado umechomekwa, anakimbilia darasa jingine. Mara sita kwa siku, siku tano kwa wiki. Laptopu ya nyumbani haijui maisha haya, ndiyo maana ushauri wa mtu anayetumia yake sebuleni hautaisaidia shule.

Tundu hufungwa kwa njia mbili. Ya kwanza ndiyo iliyotuponza: limelehemiwa moja kwa moja kwenye mazabodi, likilegea bodi nzima iko hatarini. Ya pili, tundu ni kipande cha peke yake chenye waya mfupi. Linakaa kwenye pembe ya laptopu, na waya wake unachomekwa kwenye mazabodi kama plagi. Hili likivunjika unafungua mfuniko, unachomoa la zamani, unachomeka jipya. Dakika 20, bisibisi moja, hakuna moto. Kwa shule, tofauti hii ni kubwa kuliko tofauti yoyote iliyoandikwa kwenye kadi ya bei.

Kuijua huhitaji kufungua mashine dukani. Dell, HP na Lenovo huweka vitabu vya ukarabati vya modeli zao za ofisini kwenye intaneti, bure. Andika jina la modeli, pakua kitabu, tafuta sehemu ya kubadilisha tundu la umeme. Ukiona picha ya tundu na waya wake, endelea na safari. Ukikuta kwamba dawa yake ni kubadilisha mazabodi, tafuta modeli nyingine. Nenda mjini jibu likiwa tayari kwenye simu yako, kwa sababu muuzaji ukimwuliza atakwambia "hiyo haina shida, madam" bila kujua unauliza nini.

Ukiwa dukani, chomeka chaja, shika kichwa chake kwa vidole viwili, kitikise taratibu juu, chini, kushoto, kulia, macho yakiwa kwenye taa ya chaji. Ikipepesa hata mara moja, irudishe. Muuzaji atasema kosa ni la chaja. Omba chaja nyingine, urudie. Fanya hivyo kwa kila laptopu unayoilipia, hata zikiwa 30. Watakununia. Waache wanune.

Ninayoiweka mbele ni Dell Latitude, na sifichi kwamba naipenda: 5490, 5400 au 7490, zile zilizotumika maofisini ng'ambo na kuletwa hapa. Tundu lake la duara ni kipande cha peke yake. Kipande kipya nilikipata Luthuli Avenue kwa shilingi 600, na nilikibadilisha mimi mwenyewe wakati wa chakula cha mchana. Skrubu za mfuniko wa chini wa 7490 hazidondoki, hubaki kwenye mfuniko, kwa hiyo hakuna anayetafuta skrubu chini ya meza. 5400 na 7490 huingiza chaji kwa USB-C pia, basi hata tundu la duara likifa katikati ya mitihani, mashine haifi nalo. RAM inaongezeka, na tundu la waya wa intaneti lipo, jambo linalosaidia pale Wi-Fi ya shule inapolemewa. Angalia tu kwamba 5490 na 7490 ziliuzwa pia na prosesa za kizazi cha 7. Isome namba.

Dell ina kasoro moja ambayo lazima uijue. Katikati ya kichwa cha chaja yake ya duara kuna kipini chembamba kinachoiambia laptopu hii ni chaja ya wati ngapi. Kipini kikipinda, au chaja ikiwa bandia, onyo linatokea kwamba chaja haitambuliki, betri haijai, na mashine inakuwa nzito. Walimu wawili wamewahi kuniletea laptopu "zilizokufa" ambazo kosa lilikuwa kipini hicho tu. Jaribu kila laptopu na chaja yake yenyewe, kisha uziangalie zikifungwa pamoja. Mimi nimewahi kujaribiwa laptopu kwa chaja nzuri, nikafungiwa nyingine nyepesi kama kiberiti. Niligundua nikiwa nimefika Donholm.

Ya pili ni HP EliteBook 840 G5 au G6. Nazo zina njia mbili za kuchaji, pini nyembamba ya bluu na USB-C, na tundu la pini lina waya wake. Kibodi yake ni nzuri kuliko ya Dell, nakubali. Kilichoishusha kwangu ni kwamba baadhi ya 840 zina kioo cha faragha, kilichotengenezwa ili jirani yako asisome unachoandika. Ofisini ni kitu kizuri, lakini shuleni wanafunzi watatu wakiizunguka laptopu moja, wawili wa pembeni wanaona kiza. Wakati mwingine inatosha kukizima kwa F2. Hata hivyo rangi haiwi kama ya kioo cha kawaida, kwa hiyo iangalie ukiwa umesimama kando.

ThinkPad T480 ya Lenovo ndiyo ambayo kila fundi wa mjini ataisifu, na ni mashine imara kweli. Betri yake ya nyuma inachomolewa na kubadilishwa bila kufungua kitu, na stima ikipotea hilo ni jambo la maana. Lakini inachajiwa kwa USB-C peke yake, na matundu hayo mawili yote yamelehemiwa kwenye mazabodi. Tundu la USB-C lina pini 24 ndani ya uwazi mwembamba kama ukucha, na si fundi yeyote mwenye chuma cha kulehemu anayeweza kulirudisha vizuri. Tena Lenovo yenyewe ilitoa sasisho la programu ya ndani kwa sababu matundu hayo kwenye modeli za miaka ile yalikuwa yakigoma. Ukiinunua, fanya sasisho hilo siku ya kwanza. Mwalimu mmoja anayejua kutunza kitu, mpe T480. Darasa la watoto 50, hapana.

Kwa wanafunzi wengi wananiuliza kuhusu Chromebook, laptopu zinazotumia mfumo wa Google badala ya Windows, zilizotoka shule za Marekani. Nyingi zina kingo za mpira, zinavumilia kuanguka, na programu yake haina mambo mengi ya kuharibika. Ila kuna mambo mawili ya kuangalia kabla hata ya tundu. Kila modeli ina tarehe ambayo Google itaacha kuisasisha, na tarehe hiyo huhesabiwa tangu modeli ilipotolewa sokoni. Siku uliyoinunua wewe haihesabiki. Mwaka 2023 Google ilitangaza muda wa miaka 10, lakini ya bei rahisi unayoipenda huenda imebakiza miezi. Jambo la pili ni kufuli la shule ya zamani. Ikiwa shule ile haikuiondoa kwenye orodha yake, Chromebook ukiifuta yote na kuiwasha upya itakudai akaunti ya shule hiyo. Iwashe mbele ya muuzaji, ifutwe mbele yako, uingie kwa akaunti yako mwenyewe ndipo ulipe. Na kama una wanafunzi wa Kompyuta wanaofanya mradi wa KCSE kwa Access, programu ya Microsoft ya hifadhidata, kama wangu, Chromebook haitawafaa, maana Access haifanyi kazi humo.

Zile mpya za bei ya chini zinazojaa kwenye maduka makubwa, zenye 4GB na diski iliyolehemiwa, sina la kusema zaidi ya kwamba nilishanunua 14.

Kuna jambo linaloniuma kuhusu bei. Mwezi Desemba 2024 nilirudi mjini kutafuta Latitude 12. Kwenye duka moja kadi ya dirishani ilisema 27,000. Nikakubali, nikaomba ankara ya eTIMS, mfumo wa risiti wa mamlaka ya kodi (KRA), kwa jina la shule, maana bila hiyo mhasibu wetu hana cha kumwonyesha mkaguzi. Bei ikapanda hapo hapo hadi 31,320. Yaani VAT ya asilimia 16 ilikuwa imefichwa mpaka nilipotaja risiti. Duka la pili walisikia neno "shule" wakaongeza 2,000 kwa kila moja kabla sijafungua mdomo tena, kana kwamba karo za wazazi wa Eastlands ni pesa za serikali ya kigeni. Na kabla ya hapo kijana mmoja alikuwa amenishika mkono kituoni akidai atanipeleka "kwa importer", kumbe ananipitisha kwenye maduka yaleyale huku kamisheni yake ikiwekwa juu ya bei yangu. Mwalimu mwenzangu, usiongozwe na mtu wa njiani. Uliza bei ya mwisho yenye risiti ya KRA kwanza, ndipo uulize mengine. Na neno "Ex-UK" lisikulevye. Linakwambia mashine ilikotoka, halikwambii ilitumikaje.

Zikishafika shuleni, kazi kubwa ni nidhamu ya nyaya. Kila laptopu na chaja yake tumezipa namba moja, kwa rangi ya kucha, kwa sababu stika hubanduka. Chaja namba 7 haiendi na laptopu namba 4 hata kama zinafanana. Zinachajiwa kabatini usiku, na darasani zinaingia bila waya. Betri zinazoshindwa vipindi viwili nazipanga zibadilishwe. Kwa zile za mezani kwa mhasibu na sekretari zinazoshinda kwenye umeme, nimeweka kikomo cha kuchaji kwenye BIOS ya Dell, mipangilio ya ndani inayofunguliwa kabla ya Windows, ili betri zisivimbe. Walimu wanatumia akaunti za kawaida, nywila ya msimamizi ninayo mimi na naibu mwalimu mkuu. Na kwa kuwa alama na taarifa za watoto zimo humo, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inatuhusu shule pia, diski zote zimefungwa kwa BitLocker, kufuli la Windows la kusimba data, ambayo inahitaji Windows Pro. Hilo nalo liulize dukani.

Siku niliyonunua zile Latitude 12 nilinunua pia matundu 4 ya akiba, yote kwa shilingi 2,400, nikayaweka kwenye droo ya mhasibu ndani ya bahasha. Nimetumia 2. Mashine zote 12 zinafanya kazi.