Raba ya kioo cha mbele kwa Land Cruiser pikapu ya zamani: ipi ununue, ipi uiache dukani

Land Cruiser pikapu za familia ya 40, yaani FJ45, HJ45 na HJ47 zilizoundwa hadi 1984, bado zinapiga kazi. Ukiikagua moja utakuta injini nzima na chasisi nzima, lakini masika yakianza dereva anatandaza kitambaa juu ya dashibodi. Kitambaa hicho kinaficha hasara kubwa. Maji hayaishii kwenye mkeka. Yanaingia ndani ya fremu ya kioo, yanatuama chini, na bati linaliwa kutoka ndani ambako hulioni. Siku rangi ikitoa malengelenge, fundi bodi akiligusa kwa bisibisi linatoboka. Hapo unalipia kuchomelea, rangi, kioo na bado raba. Ukiinunua mapema, raba peke yake ndiyo kitu cha bei ndogo kuliko vyote hivyo.

Kwa hiyo sina huruma na raba mbovu, na hapa nazipanga kwa daraja, kuanzia ile ninayomshauri mtu yeyote hadi ile ambayo heri ukae na uvujaji wako kwanza.

Jua kwanza ni raba gani inavuja

Fremu ya kioo kwenye gari hizi hulala juu ya boneti. Maana yake raba zipo zaidi ya moja. Kuna inayoshika kioo ndani ya fremu, kuna inayokaa kati ya fremu na bodi, pale chini fremu inapokalia, na kuna ya kile kidirisha cha hewa kilicho mbele ya kioo. Watu wengi hununua ya kioo, wakaifunga vizuri kabisa, na maji yakaendelea kudondoka miguuni kwa sababu iliyochoka ni ile ya chini.

Jaribio lake ni jepesi. Ndani ya gari, paka unga wa chaki au poda ya mtoto kuzunguka kioo na pale fremu inapokutana na bodi. Mwenzako amwagie maji nje kwa mpira wa bustani, yatiririke taratibu bila presha, akianzia chini na kupanda juu kidogo kidogo. Akianzia juu patalowa pote na hutajua chanzo. Maji yakipenya, unga unaonyesha mstari wake. Ikithibitika ni raba ya kioo, nunua na ya chini pia kwa mkupuo mmoja, maana umri wao ni mmoja.

Raba nzuri inajulikana kwa nini

Neno "orijino" halikusaidii sana dukani. Angalia malighafi, umbo na kona.

Malighafi bora kwa kazi hii ni EPDM, aina ya raba ya kutengenezwa kiwandani. Raba ya asili hupasuka kwa ozoni ya hewani, hasa pale inapokuwa imekunjwa au kuvutwa, na kona za kioo zimekunjwa maisha yao yote. EPDM haina udhaifu huo, na jua la Tanga au Mombasa inalivumilia kwa miaka mingi. Adui yake ni mafuta ya petroli: dizeli, grisi, hata Vaseline huifanya ivimbe na kulegea. Fundi anayefuta raba kwa dizeli ili ing'ae anaiua mkononi mwako, mwambie aache.

Ugumu wa EPDM ya vioo mara nyingi ni kati ya 60 na 70 kwa kipimo cha Shore A. Dukani hakuna kifaa hicho, basi tumia ukucha: bonyeza kwa nguvu, uachie. Alama ipotee mara moja. Ikunje kabisa kwa vidole viwili na utazame mgongo wa mkunjo chini ya mwanga. Ukiona weupe au vinyufa vyembamba kama nywele, rudisha. Ikikuachia weusi mkononi na kunuka tairi lililochakaa, ni mchanganyiko wa raba iliyosagwa upya.

Bidhaa ninayoipiga vita zaidi ni PVC, yaani plastiki inayouzwa kama raba. Inang'aa, inapendeza, na jua likiipiga inakuwa ngumu kama bomba la maji. Muuzaji akikupa kipande cha ziada, kitoe nje ukipime kwa waya wa shaba. Choma waya mpaka moto usiwe na rangi, gusisha kwenye raba, kisha uurudishe motoni. Moto ukiwa kijani, kuna klorini, na PVC inayo. Usivute moshi wake. EPDM haitoi kijani. Neoprini hutoa, nayo ni raba ya heshima, hivyo malizia kwa mkono: neoprini ukiikunja na kuiachia inaruka kurudi, PVC inarudi kwa uvivu na kubaki na alama ya mkunjo.

Kona ndizo zinazotenganisha raba ya kiwanda na raba ya kubahatisha. Raba iliyotengenezwa kwa ajili ya kioo hiki ni duara moja lililofungwa, na kona zake zimemiminwa kwenye kalibu zikiwa tayari na mkunjo wake. Mkanda ulionyooka ukiulazimisha kukata kona unajikunyata upande wa ndani, mdomo wa nje unainuka, na maji yamepata mlango.

Daraja la kwanza: Toyota mpya, kwa sharti moja

Raba ya Toyota inakaa bila ubishi. Mifuo yake, yaani mifereji inayobana kioo na bati, inalingana navyo, kona ziko mahali pake, na fundi wa kawaida anaifunga bila kuilazimisha. Agiza kwa namba ya chasisi, si kwa kusema "ya Land Cruiser ya zamani". Namba ya spea ya raba ya kioo cha mbele kwa Toyota huanza na 56121, halafu tarakimu zinazofuata ndizo zinazotaja gari lako. Namba mbili zinazofanana mwanzo tu si raba moja.

Sharti lenyewe ni hali yake leo. Gari hizi zimeacha kuundwa miaka mingi, na boksi la Toyota linaweza kuwa limekaa rafuni muda mrefu likipigwa na joto la bati. Raba huzeeka hata bila kufungwa. Fungua mfuko, ifanyie jaribio la ukucha na la mkunjo kama unavyoifanyia nyingine yoyote, na uangalie kama imekandamizwa ikabaki bapa upande mmoja. Muuzaji akikuambia, "Bosi wangu, hii haifunguliwi mpaka ulipie," mshukuru, nenda duka la pili. Pale Gerezani, Dar es Salaam, au Kirinyaga Road, Nairobi, hukosi anayekuruhusu kuikunja.

Daraja la pili: mbadala mpya wa EPDM wenye kona zilizomiminwa

Kwa wengi hili ndilo chaguo la kweli, na nikilinganisha na Toyota iliyokaukia rafuni nalipandisha juu bila kusita. Australia na Marekani kuna watu wengi wanaofufua Land Cruiser za 40, kwa hiyo raba zake zinatengenezwa upya hadi leo. Kama una ndugu huko, au anayepita Sharjah na Dubai kununua spea, mpe kazi hiyo. Raba ni nyepesi na haivunjiki njiani. Ila asiikunje kwa nguvu kwenye begi wala asiifunge kwa kamba.

Mwulize muuzaji maswali matatu kabla ya kutuma pesa. Ni EPDM? Kona zimemiminwa au zimeunganishwa kwa gundi? Mfuo wa kioo una upana wa milimita ngapi? Anayeuza kitu anachokijua atajibu yote. Anayejibu "inaingia gari zote" umwache. Omba pia picha ya kipande kilichokatwa, kinachoonyesha uso wa ndani, uilinganishe na kipande cha raba yako ya zamani. Kata sentimita mbili za ile ya zamani kwa kisu kikali, iweke juu ya karatasi yenye rula, piga picha. Hakuna maelezo ya simu yanayoshinda picha hiyo. Humo pia utaona kama yako inatumia ule utepe mwembamba wa kukaza unaosukumwa kwenye mfuo wa nje, maana nyingine zinao na nyingine hazina, na utepe huuzwa peke yake.

Daraja la tatu: raba ya kupimiwa kwa mita

Inakubalika pale gari linapotafuta riziki kila siku na huwezi kusubiri mzigo. Chagua yenye mifuo miwili inayolingana na vipimo vyako, EPDM, isiyo ngumu sana. Pima mzunguko wa kioo kwa kamba, kisha kata ndefu kidogo, sentimita 2 au 3 zaidi, kwa sababu raba iliyovutwa wakati wa kufunga hujirudi baadaye na kuacha pengo. Kiungo kikatwe wima kwa wembe mpya, kigandishwe kwa supaglu, na kikae juu katikati. Chini ndiko maji yanakotuama, usiweke kiungo huko. Kona zitajikunyata kidogo na utahitaji kizibo cha kutosha, yaani ule ute mzito wa kuziba mianya. Gari zuri unaloliandaa upya usilifanyie hivi.

Daraja la nne: raba iliyotumika

Ilichomolewa kwenye gari la umri uleule wa lako. Kama ilitoka bila kukatwa, huenda ni kwa sababu ilikuwa imeshalegea. Inunue tu kusogeza gari kutoka porini hadi mjini.

Kubandika kioo kwa silikoni bila raba sikupi daraja lolote. Silikoni ya kawaida ile inayonuka siki hutoa asidi inapokauka, na asidi hiyo inakula bati. Isitoshe, fremu hii haikuundwa kwa kioo cha kubandika.

Kioo chenyewe kinaweza kuikataa raba

Jambo hili linawapita hata mafundi. Kioo cha mbele cha familia ya 40 ni bapa, hivyo duka lolote la vioo linaweza kukukatia. Hapo ndipo penye faida na mtego. Kioo cha tabaka kinachouzwa kwa ajili ya majengo mara nyingi ni cha milimita 6.38: vioo viwili vya 3 na utando wa 0.38 katikati. Vioo vya mbele vya magari hutumia utando wa 0.76, na vingi unene wake wote uko karibu na milimita 5. Utando mnene ndio unaozuia kichwa kisipenye wakati wa ajali, kwa hiyo dai 0.76 na usikubali kusomewa unene wa jumla tu. Halafu pima kioo kwa vernia kabla ya kuagiza raba. Kioo kinene kwenye mfuo mwembamba kinafungua mdomo wa raba kama jani, na hakuna gundi itakayoufunga.

Upande wa bati ni hivyohivyo. Fremu iliyochomelewa, ikapakwa pati na rangi tabaka kwa tabaka, inakuwa nene kuliko mfuo. Mwambie fundi bodi asage mshono wa kuchomelea mpaka ukingo uwe na unene mmoja kuzunguka pande zote, apake praima ya epoksi, na rangi ikauke kabisa kabla raba haijaguswa.

Siku ya kufunga

Iache raba juani nusu saa ilainike. Ivalishe kwenye kioo kwanza, uhakikishe kila kona imeingia mahali pake. Kwenye mfuo wa bati zungusha kamba ya nailoni ya milimita 5 au 6, ncha zikipishana chini katikati na kuingia ndani ya gari. Paka maji ya sabuni ya vyombo, siyo mafuta. Mmoja anasukuma kioo kutoka nje kwa viganja vilivyo wazi, mwingine ndani anavuta kamba taratibu kuelekea katikati ya gari, na mdomo wa raba unapanda juu ya bati hatua kwa hatua. Ukikwama usipige ngumi. Rudisha kamba, ongeza sabuni, anza tena kona hiyo. Vioo vingi hupasuka kwenye kona ya mwisho kwa haraka ya mtu aliyeona kazi imeisha.

Kizibo kiwe cha aina isiyokauka, ya asili ya biutili, kati ya raba na bati na kati ya raba na kioo upande wa nje. Kipake baada ya raba kukaa na maji ya sabuni kukauka.

Mwenye pikapu nyingine afuate madaraja haya haya, kwa tofauti ndogo. Land Cruiser 75 ni ya familia ya 70 ambayo bado inaundwa, hivyo raba mpya ya Toyota haina sababu ya kukushinda. Datsun 1200 iliendelea kuundwa Afrika Kusini kwa jina la Nissan 1400 hadi 2008, na huko ndiko pa kutafutia kwanza. Peugeot 504 zenye ukanda wa chuma unaong'aa kuzunguka kioo zinahitaji raba yenye mfuo wa ukanda huo. Ukiletewa isiyo na mfuo, ukanda utabaki mkononi. Uchomoe ukanda wa zamani taratibu, kipande kwa kipande, kwa kijiti cha mbao, kwa sababu ukishapinda haunyooki tena.