Kaniacha ngazi ya saba: uzoefu wangu wa hipnosisi hapa Mtwara

Msimu wa korosho uliopita nilikwenda kwa mtaalamu mmoja wa hipnosisi, ule utaratibu wa kutulizwa kwa maneno hadi akili ikae kwenye wazo moja, hapa Mtwara mjini, na hadi leo nikimkumbuka damu inanichemka. Jina lake silitaji.

Shida yangu ni kivuko. Mama mkwe wangu yuko Msangamkuu na shughuli za huko haziishi: arusi, misiba, wali wanapotolewa unyagoni. Pantoni ikianza kutikisika tu, mikono inaniingia ganzi na pumzi zinakata. Wakwe wanasema naringa. Ndiyo maana nilitoa 40,000 yangu.

Mwanzo, haki ya Mungu, nilimpenda. Sauti imetulia, hana papara. Akanikalisha vizuri, akaniambia nitazame nukta moja ukutani, macho yakichoka niyafumbe, na pumzi ya kutoka iwe ndefu kuliko ya kuingia. Kisha akaanza kunishusha ngazi za gati, moja moja hadi kumi, kila ngazi mwili unalegea zaidi, na chini kabisa kuna pantoni, mimi nimeketi ndani napiga soga na wifi yangu. Nikalegea kweli. Bodaboda za nje nazisikia, muuza samaki anapita namsikia, ila hawanihusu. Mabega yangu yakashuka, nikajua kumbe nilikuwa nimeyakaza siku zote.

Ngazi ya saba simu yake ikaita. Akapokea!

"Tandahimba wamefungua bei gani leo? Mwambie asikubali, asubiri." Akatoka hadi mlangoni, akaongea weee, mnada huu, mnada ule, mimi nimefumba macho namngoja kwa adabu. Aliporudi akaniuliza, "Tulifika ngapi vile, dada yangu?"

Nikafumbua macho. Nikamwambia, kaka, mimi nimelipa. Samahani sikuipata. Nilichopata ni kuambiwa kwamba hata hivyo nilikuwa silali, kwamba hipnosisi imenikataa, na kwamba watu wa namna yangu mara nyingi wana jini linalowazuia. Binti wa mapokezi yupo palepale anasikia!

Jamani, nani kamwambia ni lazima nilale? James Braid, daktari mpasuaji wa Manchester aliyeipa hipnosisi jina hilo miaka ya 1840, mwenyewe alikuja kuona kwamba kinachofanya kazi ni akili kukazwa kwenye wazo moja, si usingizi. Unasikia, unaweza kukataa, unaweza kuinuka ukaondoka. Na watu hatulingani. Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, kilitoa mwaka 1959 kipimo cha jinsi mtu anavyoitikia hipnosisi: wapo wanaozama upesi, wapo wa katikati, wapo wasioitikia karibu chochote, na hakuna aliyewatafutia jini. Huko Paris mwaka 1784 tume ya mfalme, mwanasayansi wa Marekani Benjamin Franklin akiwamo, ilichunguza ile nguvu isiyoonekana ambayo daktari Mesmer alidai anaponya watu kwayo, ikasema nguvu hiyo haipo, ni mawazo ya mgonjwa mwenyewe yanayofanya kazi. Leo mtu ananirudisha nyuma ya hapo, na hela yangu kaweka mfukoni!

Kinachoniuma ni kwamba jambo lenyewe ni la kweli. Chama cha madaktari cha Uingereza kiliikubali mwaka 1955, hata kwa kupunguza maumivu ya kujifungua. Kwa hofu inasaidia ikienda pamoja na kuzoeshwa taratibu kile unachokiogopa. Lakini bango la mlangoni kwake linaahidi kikao kimoja na hofu kwisha, sigara kwisha. Wa sigara mniangalie hapa: ushahidi wa hipnosisi kwenye sigara ni dhaifu, msiende na matumaini ya muujiza.

Nilipokaa kuandika nilitaka kusema msikanyage pale kabisa. Sasa nashindwa. Juzijuzi nimevuka kwenda kwenye hitima. Kivuko kilipoondoka nikavuta pumzi vile alivyonionyesha, nikajishusha ngazi mwenyewe, nikaipita ya saba, nikafika ya kumi. Nilitetemeka, lakini nilivuka nimeketi, sikung'ang'ania nguzo, na wifi yangu aliona. Pumzi zile ni za kwake na ngazi zile ni za kwake, siwezi kumnyima haki hiyo.

Ila kumsamehe, hapana. Mtu anakukabidhi hofu yake akiwa amefumba macho, wewe unamwacha unaulizia bei ya korosho! Halafu unamsingizia jini! Nikifika hapo hata ile haki niliyompa natamani kuichukua.

Ujuzi anao, adabu hana. Mwenye moyo mgumu kuliko wangu aende, lakini amwambie azime simu kabla hajatoa hela. Mimi nataka nusu ya 40,000 yangu irudi. Au anipe kikao kizima bure, na kabla ya chochote aniombe radhi mbele ya yule binti wa mapokezi. Akifanya hivyo nitakwenda.